Nakala Thelathini

Saa tisa nimefungua kanisa, nimefagia vumbi la wiki,
upepo wa Agosti ukalirudisha kabla sijaegesha ufagio.
Nikafagia tena. Nikapanga mabenchi sita, nusu duara,
kisha manne, kisha nikabakiza mawili
ili wakija wachache tusifanane na kinywa cha kibogoyo.

Mkobani nina nakala thelathini za somo,
nimezitoa Dodoma mjini kwa shilingi mia mia, hela ya vocha:
"Mzabibu na Matawi Yake", herufi nzito juu,
maswali matano chini, la tano gumu kidogo.

Saa kumi. Saa kumi na robo.
Mbuzi wa mzee wa kanisa kachungulia mlangoni, kaenda zake.

Nawajua walipo, sina haja ya kuuliza.
Amosi Ndahani anachuma zabibu kwenye shamba la watu,
yeye na wadogo zake wawili; Hombolo nzima inachuma,
na mavuno hayasubiri sala.
Naftali anasukuma toroli la zege huko Mtumba,
Jumapili akija husinzia kabla ya zaburi.
Eunike kaolewa Kongwa. Jina lake sijalifuta;
kila wiki naweka kistari mbele yake
kama mtu anayebisha hodi nyumba anayojua wenyewe wamehama.
Wengine wako mpirani, nao siwalaumu:
uwanja una magoli mawili, kanisa lina mimi.

Mchungaji huniambia, "Hata wawili watatu wanatosha."
Hilo husemwa na mwenye ibada iliyojaa.
Juni, kwenye ripoti ya mtaa, niliandika kumi na wanane.
Tulikuwa saba. Kumi na mmoja niliwaumba mwenyewe
kwa kalamu ya buluu, wala sikupumzika siku ya saba.

Saa kumi na nusu akaja Penina, mdogo wake mgongoni.
Akaja Roda asiyesema.
Akaja Lameki Chiloleti, chaja mkononi,
macho yakitafuta soketi, si madhabahu.
"Dada Damari, umeme upo?"
"Upo."
Akachomeka. Akakaa.

Nikagawa nakala. Nikaanza: mzabibu, matawi, mkulima.
Lameki akageuza karatasi upande mweupe, akaomba kalamu.
Nilitaka kukasirika, nikaona vidole vyake,
vyeusi kwa maji ya zabibu, kucha zimepasuka.
Aliandika: kreti 34.
"Kreti moja mia sita. Jana kanipa elfu kumi na nane,
kasema ndiyo hesabu. Mimi hesabu niliiacha darasa la tano."

Somo tukaliacha pale pale.
Roda, huyu Roda asiyesema, akavuta karatasi yake,
akazidisha, akabeba mbili, akapiga mstari:
elfu ishirini na mia nne.
"Kakudhulumu elfu mbili na mia nne," akasema,
na sauti yake ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani.

Bati likalia kwa upepo.
"Swali la tano," nikasema, maana lilikuwa limenibakia mdomoni,
"tawi lisilozaa hufanywaje?"
Lameki akacheka.
"Dada, tawi limezaa. Kreti thelathini na nne."

Jibu hilo halikuwamo kwenye karatasi yangu.
Tukaomba kwa kifupi. Penina akaiombea elfu mbili na mia nne
akiitaja yote, asije Mungu akasikia nusu.
Tukapatana: Jumatatu, sote wanne, kwa mwenye shamba,
na karatasi ya Roda.

Jioni nikafungua daftari. Tarehe.
Somo: Mzabibu. Nikafuta. Hesabu.
Waliohudhuria: 3.
Kalamu ikasimama, ikiitazama nafasi
iliyo wazi mbele ya tatu, saizi ya moja.
Nikamkumbuka mtoto wa mgongoni. Alikohoa wakati wa amina.
Nikaandika 4.

Zimebaki nakala ishirini na saba,
kila moja na upande wake mweupe.